Oili Iliyogeuka Tui



Kusi linapokaza na bahari ikakataa vyombo vidogo, pwani yetu hugeuka karakana. Mashua hupandishwa mchangani, mbao zikakwanguliwa, nyufa zikatiwa kalafati, sehemu za chini zikapakwa deheni na za juu zikatiwa sifa, kama walivyofanya wazee. Kazi hii twaijua, na hakuna kijana aliyelelewa kando ya bahari asiyefahamu kuwa ubao usiotunzwa humlipa mwenyewe kwa maji ndani ya ngama. Lakini wakati chombo kinahudumiwa hivyo, mashine yake aghalabu hulazwa kwenye banda la makuti, ikafunikwa gunia, na ikasahauliwa mpaka bahari itulie.

Juma hili twataka tuzungumzie sehemu moja tu ya mashine hiyo, nayo ni giaboksi ya chini: kile kichwa cha alumini kilicho mwisho wa mguu wa mashine, kinachobeba propela na kuzama majini muda wote chombo kiendapo. Ni sehemu isiyopiga kelele wala kutoa moshi, na haina cha kumvutia mtazamaji. Mashine ikikataa kuwaka, mwenyewe hushughulika na plagi na kabureta siku hiyo hiyo. Giaboksi huharibika kimya kimya kwa miezi mingi, huku mashine ikiendelea kuwaka vizuri, kisha siku moja meno yake hukatika katikati ya mkondo.

Na mkondo wenyewe sote twaujua. Katika visiwa vya Lamu, boti ndiyo matatu, ndiyo lori, na usiku wa dharura ndiyo gari la wagonjwa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hutolewa Faza au Kizingitini akapelekwa Lamu kwa boti, na watu wa nyumbani hubaki ufuoni wakiusikiliza mlio wa mashine mpaka upotee. Chombo kinachopita Mkanda maji yakiwa yapwa hakina nafasi ya kusitasita, kwani kushoto na kulia ni mafungu na mikoko. Nje ya mwamba hali huwa ngumu zaidi, maana chombo kilichopoteza nguvu husukumwa na mawimbi kuelekea kwenye mwamba huo huo. Wavuvi wa Gazi, Shimoni na Vanga hawahitaji kuelezwa haya.

Tuanze basi na umbo la kitu chenyewe, kwa sababu asiyejua kilichomo ndani hawezi kumuuliza fundi swali la maana. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alianza kuuza mashine zake za boti katika mji wa Milwaukee mwaka 1909. Mpango wake ulikuwa injini juu, shafti ya kusimama katikati, na gia za pembe chini majini. Zaidi ya karne moja imepita na mpango huo ungali ndio tulio nao. Shafti ya kusimama hushuka kutoka kwenye krenki mpaka ndani ya giaboksi, na ncha yake ya chini hubeba gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni huuma gia mbili kubwa, moja mbele na moja nyuma, ambazo huzunguka wakati wote mashine inapowaka, kila moja kinyume cha mwenzake. Gia hizo hazikufungwa kwenye shafti ya propela. Huzunguka tu kandokando yake. Kinachoamua ni kipande cha klachi chenye meno, kilichoko katikati yao, ambacho huteleza mbele au nyuma kwa amri ya mkono wa gia. Kikikamata gia ya mbele, chombo huenda mbele. Kikikamata ya nyuma, chombo hurudi kinyumenyume. Kikikaa katikati, propela hupumzika. Pinioni ikiwa na meno 13 na gia kubwa meno 26, propela huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, na kwa njia hiyo kasi hupunguzwa ili nguvu ya kusukuma maji iongezeke.

Vyote hivi huoga ndani ya oili nzito ya gia, katika nyumba ambayo nje yake ni maji ya chumvi. Kinachotenganisha oili na bahari ni sili, yaani pete za mpira zenye mdomo mwembamba unaoikumbatia shafti inayozunguka. Ziko juu, pale shafti ya kusimama inapoingia. Ziko nyuma, pale shafti ya propela inapotoka. Na iko nyingine ndogo penye fimbo ya kubadilishia gia. Bei ya sili zote ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya gia moja. Hata hivyo sili ikichakaa, maji huingia, oili hupoteza utelezi wake, beringi hushika kutu, na beringi ikilegea gia huachana na mkao wake. Ndipo meno yanapoanza kulana.

Dalili ya kwanza huonekana kwenye oili. Giaboksi ina skrubu mbili ubavuni, moja chini kabisa na nyingine juu. Mashine ikiwa imesimama wima usiku kucha, maji yaliyomo hushuka chini kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Asubuhi ukiilegeza kidogo skrubu ya chini, maji ndiyo yatakayotangulia kuchuruzika. Iwapo mashine imetumika karibuni, maji na oili huwa vimekorogwa pamoja, na kinachotoka huwa cheupe na kizito kama tui la kwanza. Oili safi ya gia huwa na rangi ya asali au kahawia, na iliyozeeka huwa nyeusi. Hizo si za kutisha. Nyeupe ndiyo ya kutisha. Kisha itazame ncha ya skrubu, ambayo katika mashine nyingi ina sumaku. Ukikuta uji laini wa kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, jua kuna kilichovunjika ndani.

Hapa ndipo twataka wasomaji wetu wasimame nasi kidogo, kwa sababu oili nyeupe huleta jaribu ambalo halihusu ufundi peke yake. Familia moja tunayoijua, na ambayo hatutaitaja, iliachiwa na marehemu mzee wao mashine ya nguvu za farasi 40, ya ile aina inayochanganyiwa oili na petroli, iliyokwisha kutumika zaidi ya miaka 20. Ilipofunguliwa skrubu, likatoka tui. Mmoja wa vijana alikuwa na shauri jepesi: oili hiyo imwagwe, itiwe mpya, mashine ipakwe rangi, na iuzwe kabla ya Ijumaa. Kwa macho tu, hakuna mnunuzi ambaye angegundua, kwani oili mpya hubaki na rangi yake mpaka chombo kiende safari kadhaa. Mama yao, aliyekuwa amekaa barazani akichambua mchele, aliuliza neno moja tu: “Na huyo atakayeinunua, mwanangu, atakwenda nayo wapi?”

Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja pale alijua jibu. Angekwenda nayo baharini, na angekwenda na watoto wa watu.

Kikao cha familia hiyo kilikata mashauri mawili ambayo twayaona yafaa kuigwa. La kwanza, kwa kuwa mashine ilikuwa mirathi, na mama na mabinti nao wana mafungu yao ndani yake, haikufaa vijana wa kiume waifungue na kuitumia fedha ya warithi wote bila ya ridhaa yao. La pili, giaboksi ifunguliwe kwanza na kukaguliwa, ndipo iamuliwe kama itafanyiwa matengenezo, itauzwa kwa kasoro zake zikitajwa wazi, au itauzwa vipuri. Fundi aliyeitwa ni mtu mzima mwenye mikono ya taratibu, naye aliweka sharti moja: asibandukwe na mtu mwenye haraka.

Kabla ya kugusa propela, nyaya za plagi huchomolewa, ili mashine isije ikawaka kwa bahati mbaya mtu akizungusha shafti. Oili humwagwa ndani ya chombo, si mchangani wala majini. Halafu hutolewa propela, na nyuma yake ndipo siri ya mashine ile ilipofichuka. Mshipi wa nailoni, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, ulikuwa umejizungusha kwenye shafti mara nyingi mpaka ukawa pete ngumu, na pete hiyo ilikuwa imeichana sili ya nje na kuanza kuila ya ndani. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya giaboksi kuingia maji katika vyombo vya uvuvi, na mtu huweza kuvua mwaka mzima bila kujua kuwa mshipi uliomkatikia Rajabu ungali unasaga sili yake mpaka Shaabani na baada yake. Kuitoa propela na kutazama nyuma yake hakuchukui robo saa.

Kuitenga giaboksi na mguu wa mashine kunataka subira. Fimbo ya gia hutenganishwa kwanza, kwa namna ambayo kitabu cha mashine kinaelekeza, kisha bolti hulegezwa. Katika mashine nyingi kuna bolti moja iliyojificha chini ya lile pezi dogo lililo juu ya propela, na fundi asiyejua hilo huanza kupachika bisibisi na kubandua kwa nguvu, akaikwangua alumini mahali panapotakiwa pawe laini. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikikaa miaka ndani ya alumini yenye chumvi, metali hizo mbili hulana na kushikamana kama zilizochomelewa. Dawa yake ni mafuta ya kulegeza kutu yaachwe yafanye kazi usiku mzima, kisha moto wa kiasi kwenye alumini, kwani alumini hutanuka zaidi ya chuma ikipata joto na hivyo hulegeza mshiko wake. Spana ndefu na hasira hukata kichwa cha bolti, na bolti iliyokatika ndani hugharimu siku nzima ya kutobolewa.

Kila kinachotoka hupangwa juu ya kitambaa safi kwa utaratibu wa kutoka kwake. Kijana wa mwisho wa familia ile alipewa kazi ya kupiga picha kila hatua kwa simu, na kazi hiyo ilionekana baadaye kuwa na faida kuliko alivyodhania. Zile pete nyembamba zinazoitwa shimu, ambazo hukaa nyuma ya beringi na gia ili kuweka nafasi sahihi kati ya meno, hazichanganywi hata kidogo. Unene wao hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na shimu moja ikienda mahali pa nyingine, gia zitalia au zitajiuma mpaka zife.

Vitu vikishaoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa, ukaguzi huanza. Gia hutazamwa jino baada ya jino chini ya mwanga mzuri. Alama ya msuguano iliyolala katikati ya jino ni dalili njema. Iliyosogea pembeni yaonesha kuwa mkao umeharibika. Jino lililomeguka, hata kwa ukubwa wa punje ya mtama, halina tiba. Meno ya klachi hutakiwa yawe na pembe kali. Yakiwa yamekuwa mviringo, gia itakuwa inaruka mtu anapoongeza mafuta, na hiyo mara nyingi ni alama ya nahodha mwenye mazoea ya kuingiza gia taratibu mno au mashine ikiwa na kasi. Beringi huzungushwa kwa vidole: ikikwaruza, au ikiwa na mstari mwekundu wa kutu, hutupwa. Na pale mdomo wa sili unapokaa juu ya shafti, fundi hupitisha ukucha. Ukucha ukikwama ndani ya mfereji, sili mpya peke yake haitazuia maji kwa muda mrefu. Shafti itahitaji kuvishwa pete ya kuifunika au kubadilishwa.

Katika mashine ya familia ile, gia zilikuwa salama. Beringi mbili za upande wa propela zilikuwa zimeshika kutu, shafti ilikuwa na mfereji mdogo, na impela ya pampu ya maji ilikuwa imekauka. Hesabu ya vipuri iliandikwa kwenye karatasi pamoja na ujira wa fundi, ikasomwa mbele ya wote, na wote wakaridhia.

Twapenda kusisitiza karatasi hiyo. Si kila giaboksi inayofaa kufufuliwa. Ikiwa gia zimekatika, nyumba ya alumini ina ufa, au chumvi imeila mpaka sili hazina pa kukaa, basi gharama huweza kuifikia au kuipita bei ya giaboksi nyingine nzima iliyotumika. Gia mpya nazo huhitaji kununuliwa kwa pamoja na kupimiwa shimu upya, kazi isiyofaa kukisiwa. Mwenye mashine anayo haki ya kujua hesabu hiyo kabla fedha haijatoka, na fundi mwaminifu huwa wa kwanza kusema, “Hapa tusimame.” Tumeona familia zikiuza mbuzi kwa ajili ya mashine ambayo fundi alijua tangu siku ya kwanza kuwa haitafika mbali.

Kurudisha ni kazi ya polepole kuliko kufungua. Sili za zamani hazirudishwi hata zikionekana nzima, kadhalika gasketi, ringi za mpira na nati ya pinioni. Kila sili hugeuziwa upande ule ule uliooneshwa na kitabu, kwa kuwa mdomo wake huelekezwa kwenye kile unachokizuia: wa kuzuia maji huelekea nje, wa kuzuia oili huelekea ndani, na kuna mashine ambazo sili mbili hupangwa zikielekea upande mmoja. Hapa ndipo picha za yule kijana zilipomaliza ubishi. Mdomo hupakwa grisi kabla ya shafti kupita, maana sili inayoanza kazi ikiwa kavu huungua kabla ya kuonja maji. Nati ya pinioni, iliyomo ndani gizani mahali ambapo mkono haufiki vizuri, hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu. Na kila bolti hupakwa grisi isiyoondolewa na maji, ili atakayeifungua baada ya miaka mitano asimlaani aliyeifunga.

Juu ya giaboksi hukaa pampu ya maji ya kupoza injini, na haifai kuifikia na kuiacha ya zamani. Impela ni gurudumu la mpira lenye mabawa, na mabawa yakikaa yamepinda kwa muda mrefu husahau kunyooka. Mchanga wa mafungu yetu huyasaga, pamoja na kile kikombe cha chuma kinachoizunguka. Wakati wa kuirudisha, shafti huzungushwa taratibu kwa upande ule ambao mashine huzungukia, huku kifuniko kikisukumwa chini, ili mabawa yote yalale upande wake. Meno ya juu ya shafti ya kusimama hupakwa grisi ubavuni, lakini ile ncha yake ya juu huachwa tupu, kwa sababu grisi ikinaswa huko huizuia giaboksi kukaa mahali pake.

Kabla ya kutia oili huja jaribio ambalo mafundi wengi hulikwepa, na kwalo mwenye mashine hupata hakika badala ya maneno matupu. Pampu ya baiskeli yenye saa ya kupimia huunganishwa kwenye tundu la skrubu ya juu, la chini likiwa limefungwa, na hewa hutiwa polepole. Mashine nyingi hupimwa kwa pauni 10 hivi kwa inchi ya mraba, na kitabu ndicho hakimu, maana hewa iliyozidi huweza kuisukuma sili ikatoka. Shafti zote mbili huzungushwa na fimbo ya gia huchezeshwa huku na huku, kisha pampu huachwa. Mshale ukitulia, kazi ni salama. Ukishuka, maji ya sabuni yatapakwa kila penye kiungo, na mapovu yatasema ni wapi. Mshale wa familia ile ulishuka mara ya kwanza. Mapovu yalitokea penye fimbo ya gia, ile sili ndogo kuliko zote, na fundi akaanza tena sehemu hiyo bila ya kunung’unika wala kuongeza ujira. Mara ya pili mshale haukusogea.

Oili nayo ina adabu yake. Haitiwi kutoka juu, kwani itafungia hewa ndani na mtu atadhani imejaa. Huingizwa kwa tundu la chini mpaka itokeze kwenye tundu la juu bila mapovu. Hapo skrubu ya juu hufungwa kwanza, ndipo bomba la chini liondolewe na skrubu yake kufungwa upesi, zote zikiwa na washa mpya. Aina ya oili ni ile ya gia iliyotajwa na kitabu, kwa kawaida namba 90, na oili ya injini haishiki nafasi yake. Baada ya saa 10 za kwanza za kazi, oili hiyo hutazamwa tena na kubadilishwa. Ikiwa na rangi yake, moyo hutulia.

Familia ile hatimaye iliiuza mashine, kwa kuwa warithi walihitaji mafungu yao. Mnunuzi alikabidhiwa mashine, karatasi ya hesabu, zile picha, na hata beringi za kutu ndani ya mfuko wa plastiki, ili aone kilichotoka na kilichoingia. Alilipa zaidi ya bei iliyokuwa imetajwa kabla ya matengenezo, ingawa ziada hiyo haikufidia gharama yote. Twalisema hili wazi kwa sababu haifai kuwaahidi wasomaji kuwa uaminifu hulipa kwa shilingi kila mara. Pengo lililobaki familia ililibeba pamoja, na mpaka leo chombo cha yule bwana hupita mbele ya nyumba yao.

Kwa wenye mashine kongwe zingali kazini, yatosha mazoea machache. Kila baada ya safari, ioshwe na kuendeshwa kwa maji baridi, ndani ya pipa ikiwa hapana mfereji. Kila mwezi, propela itolewe na mshipi utafutwe nyuma yake, na shafti ipakwe grisi. Kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita, oili ibadilishwe, na rangi ya iliyotoka iandikwe kwenye daftari la nyumbani pamoja na tarehe. Zinki isipakwe rangi, maana kazi yake ni kuliwa na chumvi ili alumini isiliwe. Ikibaki nusu, ibadilishwe. Oili chafu isimwagwe kwenye mikoko ambamo kamba na samaki wadogo hukulia, bali ihifadhiwe kwenye mtungi. Na daftari hilo aachiwe mtoto mmoja, wa kike au wa kiume, awe ndiye mwenye kuuliza, “Juma hili oili ilikuwa rangi gani?” Mtoto huyo atajifunza mashine kabla ya kuigusa spana.

Kwa mafundi wetu twasema haya kwa heshima: abiria hamuoni fundi. Humuona nahodha, akamwamini, na nahodha naye huwa amekuamini wewe. Ukifunga sili iliyochakaa ukaificha kwa grisi nene, hakuna atakayejua kwa majuma kadhaa, nawe utakuwa umekwisha kulipwa. Ujira wa halali ni wa kazi ambayo ungekubali mama yako mwenyewe aipande usiku, maji yakiwa yapwa, akipelekwa Lamu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wote walio baharini, na awarejeshe majumbani mwao salama. Wassalaam.